Akaunti Zilipofungwa: Kuporomoka kwa Himaya ya Gupta

Mwenyekiti, walimu wangu, wahasibu wenzangu, na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia kwenye benki, ofisi za manunuzi na kampuni za ukaguzi, nawashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie kuanguka kwa makampuni makubwa yenye mkono serikalini. Mifano ni mingi duniani. Nimechagua mmoja ambao nyaraka zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma, na ambao kila hatua yake ilipita mezani kwa mtu mwenye kazi kama yenu: kundi la makampuni la ndugu watatu wa familia ya Gupta, Afrika Kusini.

Wengi wakisimulia habari hii huanzia kwenye siasa: rais, mawaziri, jumba la familia hiyo katika mtaa wa Saxonwold kule Johannesburg. Mimi nitaanzia saa tatu usiku, tarehe 11 Aprili 2016.

Kampuni yao ya Tegeta ilikuwa inanunua mgodi wa makaa ya mawe wa Optimum, ulioko Mpumalanga, kwa randi bilioni 2.15. Siku za kulipa zilikuwa zimebaki chache na mfuko ulipungua takriban randi milioni 600. Mchana wa siku hiyo waliziomba benki zilizokuwa zinaidai Optimum ziwakopeshe kuziba pengo. Benki zikakataa. Usiku huohuo kamati ya zabuni ya bodi ya Eskom, shirika la umeme la taifa, ikafanya kikao maalumu. Ikaidhinisha Tegeta itangulizwe fedha za makaa ambayo Eskom ilikuwa bado haijaletewa. Ukijumlisha kodi, malipo yalifika randi milioni 659. Baada ya siku tatu mgodi ukawa na mwenyewe mpya.

Naomba tukae hapo kidogo. Mfanyabiashara ananyimwa mkopo mchana na benki zinazojua hesabu za mgodi ndani nje. Usiku anapata fedha kutoka kwa mteja wake, tena mteja wa umma, tena bila riba ya benki. Shirika la umeme likawa limemnunulia mtu mgodi wa kuliuzia makaa. Ninyi mnaojua kusoma mtiririko wa fedha hamhitaji kuelezwa zaidi. Lakini jiulizeni ni watu wangapi waliigusa karatasi ile. Yupo aliyeandika ombi, yupo aliyeeleza kwamba kuna dharura ya makaa, wapo waliosema ndiyo kwenye simu, yupo aliyetoa fedha kwenye akaunti. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuwa mwanasiasa.

Na mgodi ule ulifikaje sokoni? Optimum ilikuwa mali ya Glencore, kampuni ya kimataifa ya madini, ikiuzia kituo cha umeme cha Hendrina kwa mkataba wa zamani wa randi 150 kwa tani, bei iliyokuwa inaleta hasara. Wenyewe wakaomba mkataba ubadilishwe, Eskom ikagoma, ikawadai pia faini ya zaidi ya randi bilioni 2 kwa madai ya ubora duni wa makaa. Agosti 2015 mgodi ukawekwa chini ya wasimamizi wa kuunusuru. Desemba mwaka huo Waziri wa Madini, Mosebenzi Zwane, akaonekana Uswisi wakati mazungumzo ya kuuza mgodi yakiendelea. Tegeta ilipoushika mgodi, faini ileile ikaja kushuka hadi takriban randi milioni 577. Mimi simtetei Glencore, kampuni kubwa inayojua kujitetea. Ninachosema ni kwamba mkono mmoja ulimkaba muuzaji na mkono mwingine ukamfungulia mnunuzi mlango, na mikono yote miwili ilikuwa ya shirika la wananchi.

Tukirudi nyuma kidogo, Atul Gupta alifika Afrika Kusini mwaka 1993, nchi ikijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Kampuni yao ya kompyuta, Sahara, ilianza mwaka 1997. Mpaka hapo ni historia ya wahamiaji wachapakazi kama wengi wengine. Baadaye wakaingia kwenye migodi, urani, uhandisi na gazeti la The New Age, kisha mwaka 2013 wakafungua televisheni ya ANN7. Mtoto wa Rais Jacob Zuma, Duduzane, alikuwa mshirika wao kwenye makampuni kadhaa, Tegeta ikiwemo.

Biashara hizi mkizipanga mezani na kutafuta mteja wa kila moja, mtaona mara nyingi mteja ni yuleyule. Gazeti liliishi kwa matangazo ya serikali na kwa vikao vya kifungua kinywa na mawaziri, ambavyo mashirika ya umma yaliyalipia. Eskom peke yake iliingia mkataba wa randi milioni 43 wa kudhamini vikao hivyo. Makaa yalikwenda Eskom. Kwenye ununuzi wa vichwa 1,064 vya treni na Transnet, shirika la taifa la reli na bandari, bei ilipanda kutoka makadirio ya randi bilioni 38.6 hadi zaidi ya bilioni 54, na uchunguzi ukaonyesha makampuni yaliyohusishwa na familia hiyo yakipokea kamisheni. Mkaguzi akiona kampuni kumi zenye majina kumi, zote zinapumulia pua moja, anapaswa kuandika hivyo kwenye ripoti yake mwaka wa kwanza, hata kama hajaona senti moja iliyoibwa. Pua hiyo ikizibwa, zote zinakufa. Hiyo ni hatari ya kibiashara tosha, achilia mbali maadili.

Kuna watu waliolisema hilo mapema na wakaumia. Themba Maseko alikuwa mkuu wa idara ya habari ya serikali. Mwaka 2010, kwa ushahidi wake mwenyewe mbele ya tume iliyokuja kuundwa kuchunguza mambo haya, alipigiwa simu na Rais akimtaka awasaidie ndugu wale. Alipofika kwao akaambiwa bajeti ya matangazo ya serikali, randi milioni 600 kwa mwaka, ielekezwe kwenye gazeti lao. Alikataa. Mapema 2011 akaondolewa kwenye nafasi yake. Kwa miaka mitano iliyofuata watu wengi waliokaa kwenye viti kama chake walijua bei ya kukataa ni ipi.

Mwaka 2012 ukaja mradi wa Estina. Serikali ya jimbo la Free State ilianzisha shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na mji wa Vrede ili kuwainua wakulima wadogo weusi wa pale. Kampuni ya Estina, ambayo haikuwa na historia yoyote ya ufugaji, ikapewa ardhi kwa mkataba wa miaka 99 na zaidi ya randi milioni 200 za umma. Wakulima waliotajwa kwenye karatasi kama wanufaika hawakupata hisa wala ndama. Ng'ombe walikufa, mizoga ikatupwa. Sehemu ya fedha hizo, takriban randi milioni 30 kwa mujibu wa nyaraka zilizovuja baadaye, ilizungushwa kupitia Dubai, ikarudi kwenye kampuni ya familia iitwayo Linkway Trading na kulipia harusi ya mpwa wao pale Sun City, mwaka 2013.

Harusi hiyo wengi wanaikumbuka kwa ndege ya wageni kutua kwenye kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof, kana kwamba amekuja mkuu wa nchi. Taifa lilikasirika kwa ile ndege. Kwangu mimi kilichotisha zaidi hakikupigwa picha. Gharama za harusi ziliingizwa kwenye vitabu vya Linkway kama gharama za biashara. KPMG, kampuni kubwa ya ukaguzi, ilikagua vitabu hivyo, na baadhi ya wakubwa wake walikuwa wageni kwenye harusi yenyewe. Mkaguzi alikula pilau ya mteja, kisha akasaini kwamba pilau ilikuwa gharama ya kazi. Vijana wangu, siku mtakayopewa hesabu za mtu aliyewaalika harusini, mwambieni bosi wenu awape mwenzenu kazi hiyo.

Sasa tufike kwenye kuanguka, maana ndiyo habari niliyoitiwa.

Desemba 2015 Rais alimfukuza Waziri wa Fedha, Nhlanhla Nene, akamweka mtu asiyejulikana, Des van Rooyen. Randi ikaporomoka, na baada ya siku nne Pravin Gordhan akarudishwa wizarani. Machi 2016 Naibu Waziri wa Fedha, Mcebisi Jonas, akatoka hadharani na kusema kwamba ndugu wa Gupta walimpa ofa ya uwaziri miezi michache nyuma, akaikataa. Baadaye alieleza kwamba aliahidiwa na randi milioni 600. Familia ilikana, na imeendelea kukana tuhuma zote hadi leo.

Baada ya kauli ile mambo yakakimbia. KPMG ikajitoa kwenye ukaguzi. Sasfin, iliyokuwa mdhamini wao kwenye soko la hisa la Johannesburg, ikajitoa. Absa ilikuwa imeshawaarifu kwamba inafunga akaunti zao, zikafuata FNB, Standard Bank na Nedbank. Ndani ya wiki chache kundi zima likabaki halina mkaguzi wala benki kubwa hata moja. Hakuna mahakama iliyokuwa imetoa hukumu. Polisi hawakuwa wamegonga mlango. Rais alikuwa bado ni Rais, na rafiki.

Angalieni jinsi serikali ilivyohangaika baada ya hapo, mtajua pigo lilipopiga. Baraza la mawaziri liliunda kamati ya mawaziri kwenda kuzungumza na benki kuhusu akaunti za familia moja. Zwane akatoa taarifa kwamba baraza limeazimia benki zichunguzwe na jaji, Ofisi ya Rais ikalazimika kuikanusha taarifa hiyo. Gordhan alibanwa aingilie kati. Oktoba 2016 akaenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba waziri hana mamlaka hayo, na kwenye hati zake akaambatanisha orodha kutoka kitengo cha kufuatilia fedha haramu: miamala 72 yenye kutiliwa shaka, thamani yake randi bilioni 6.8. Mwishoni mwa Machi 2017 akafukuzwa kazi usiku.

Wiki chache baada ya Gordhan kwenda mahakamani, mwanzoni mwa Novemba 2016, ripoti ya Thuli Madonsela, aliyekuwa Mlinzi wa Umma, yaani mchunguzi huru wa matumizi mabaya ya madaraka, iliwekwa wazi. Humo ndimo ilimo habari ya malipo ya saa tatu usiku. Humo pia mlikuwa na rekodi za simu zilizoonyesha mkuu wa Eskom, Brian Molefe, akiwa eneo la Saxonwold mara 19 ndani ya miezi michache ya mwaka 2015. Kisha Mei 2017 zikavuja barua pepe za makampuni yale, maelfu kwa maelfu, na waandishi wa amaBhungane na Daily Maverick wakazipekua moja moja. Bell Pottinger, kampuni ya Uingereza iliyolipwa kusafisha jina la familia kwa kuchochea chuki za rangi, ikafukuzwa kwenye chama cha taaluma yake Septemba mwaka huo na kufa mwezi huohuo.

Kilichobaki kikisimama ni tawi dogo la Bank of Baroda la India jijini Johannesburg. Kundi lenye migodi, viwanda na televisheni lilikuwa linavutia pumzi kwenye kaunta moja. Mwanzoni mwa 2018 Baroda ikatangaza kuondoka Afrika Kusini. Februari, makampuni manane ya kundi hilo, Tegeta, Optimum na mgodi wa Koornfontein yakiwemo, yakaomba kuwekwa chini ya wasimamizi. Tarehe 14 ya mwezi huo polisi wa kitengo cha Hawks walivamia Saxonwold asubuhi, na usiku Zuma akajiuzulu urais.

Tunapenda kusema haki ilishinda. Mimi siwezi kusema hivyo nikiwatazama wachimbaji wa Optimum. Februari ileile walisimamisha kazi na kufunga njia kwa sababu hawakujua kama mshahara utaingia. Mwenye mgodi alikuwa na fedha mahali, lakini hakuwa na benki ya kuzipitishia hadi mfukoni mwa mfanyakazi. Familia ilikuwa imeshaelekea Dubai. Wachimbaji walibaki na wasimamizi, na makaratasi, na subira ya miaka.

Kuna akiba ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka kila mwenye mgodi aweke fedha pembeni za kufukia mashimo na kusafisha ardhi na maji baada ya uchimbaji. Fedha hizo si zake za kuchezea. Mfuko wa Optimum ulikuwa na zaidi ya randi bilioni 1.4, na Tegeta ilipouchukua mgodi, mfuko huo nao ukahamishiwa Bank of Baroda. Ripoti ya Madonsela ilihoji jinsi fedha hizo zilivyotumika huko. Fikirini: fedha za kusafishia maji ya watu ambao hata hawajazaliwa, zinahamishwa, na mfumo unaruhusu.

Tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyoanza kusikiliza mashahidi Agosti 2018, ilimaliza ripoti zake mwaka 2022. Ilikadiria fedha za umma zilizochafuliwa na utekaji ule wa dola, yaani watu binafsi kuishika serikali mkononi, kuwa takriban randi bilioni 57, karibu zote zikiwa za Transnet na Eskom. Ilipendekeza wahusika wengi wafunguliwe mashtaka. Juni 2022 wawili kati ya wale ndugu watatu, Atul na Rajesh Gupta, walikamatwa Dubai, na mwaka uliofuata mahakama ya huko ikakataa kuwarudisha Afrika Kusini. Nyumbani umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, saa nyingi kwa siku, na Eskom ikidaiwa mamia ya mabilioni. Sitasema makaa ya Tegeta pekee yalileta giza lile, maana Eskom ilikuwa na magonjwa ya miaka mingi. Nasema shirika lililokuwa linahitaji kila senti na kila akili lilitumia usiku wake kumtafutia mtu fedha za kununulia mgodi.

Najua kuna mtu hapa atainua mkono na kuniuliza swali gumu: je, ni sawa benki kumfungia mtu akaunti bila hukumu? Nalichukua swali hilo kwa uzito wote. Uwezo uleule uliolimaliza kundi la Gupta unaweza kumwua mfanyabiashara asiye na hatia, au mwanaharakati, au gazeti lisilopendwa na wakubwa. Sifurahii kwamba nchi nzima ilisubiri benki binafsi zifanye ambalo polisi na waendesha mashtaka walikuwa wameshindwa kulifanya. Tena benki hizo hazikuwa mashujaa. Zilizihudumia akaunti hizo kwa miaka, baada ya harusi, baada ya waandishi kuianika Estina mwaka 2013, na zikaamka pale sifa yao ilipoanza kuunguzwa pamoja na mteja. Laiti kila muamala wa kutilia shaka ungeripotiwa ulipotokea na kitengo husika kikaufuatilia siku hiyohiyo, kundi lile lingekamatwa likiwa dogo, kwa njia ya sheria, kabla halijawa mwajiri wa maelfu ya watu.

Maana hiyo ndiyo ngao waliyokuja kuiinua mwishoni: ajira. Benki zilipofunga akaunti, jibu lao la kwanza kwa umma lilikuwa kwamba maelfu ya wafanyakazi watalala njaa. Na walikuwa wanasema kweli. Kadiri kampuni ya namna hii inavyoachwa ikue, ndivyo inavyojikusanyia watu wasio na hatia wa kusimama mbele yake.

Kwa hiyo nina mawili ya kuwaomba ninyi mtakaoandika kanuni siku moja, na wengine wenu hazitapita siku nyingi. La kwanza, fedha za kurekebisha ardhi ya mgodi zitoke kabisa mikononi mwa mwenye mgodi. Zikae kwa mdhamini huru, na zisihamishwe benki bila kibali cha mdhibiti kilichotolewa kwa maandishi na kutangazwa. La pili, kampuni inayopata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka kwa serikali iwekwe kwenye sharti la kutenga mishahara ya miezi kadhaa kwenye akaunti ambayo wakurugenzi hawaigusi. Siku benki ikiamua kuondoka, au mwenye kampuni akikimbia, mfanyakazi alipwe kwanza, wakubwa wakigombana baadaye. Wapo watakaosema hayo yanaongeza gharama za biashara. Ndiyo, yanaongeza, na leo gharama hiyo ipo vilevile, isipokuwa anayeilipa ni mchimbaji wa Optimum na mkulima wa Vrede.

Nimeleta nakala za kurasa za ripoti ya Madonsela zinazohusu kikao cha tarehe 11 Aprili. Ningependa tuzisome pamoja kwa makundi kabla ya maswali: kila kundi lichukue nafasi ya mtu mmoja aliyeishika karatasi ile, mwandaaji wa ombi, mjumbe wa kamati, au mlipaji, na lituambie ni swali gani mtu huyo angeweza kuliuliza usiku ule, na angelipeleka kwa nani.